Ukifika Awendo, Jiulize Gari Lako Linanywa Tangi Lipi

Ukitoka Kisii ukielekea mpaka wa Isebania, ukishaipita Rongo utainusa Awendo kabla hujaiona. Ni harufu tamu na nzito ya miwa inayopikwa. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, ambayo kila mtu huku huiita Sony, iliundwa mwaka wa 1976, na tangu hapo mji huu umeishi kwa miwa. Trekta zinazovuta matela yaliyofurika miwa hujikokota barabarani, na watoto huvizia nyuma wapate kuchomoa muwa mmoja. Jina lenyewe, Awendo, kwa Kijaluo ni kanga, yule ndege wa madoadoa. Siku hizi utahesabu bodaboda mia kabla ya kumwona kanga mmoja.

Siku ninayokusimulia, harufu iliyotufikia haikuwa ya sukari. Ilikuwa ya dizeli, na ilitoka chini yetu wenyewe.

Tulikuwa katika Land Cruiser kuukuu ya shemeji yangu, mzaliwa wa Awendo. Asubuhi hiyo alikuwa amepigiwa simu kwamba nyanya yake, aishiye bonde la Lambwe huko Homa Bay, ameteleza penye matope na hawezi kusimama. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na hakuna gari la kawaida ambalo lingekubali kuteremka bondeni. Kwa hiyo tulijaza mafuta Kisii, matangi yote mawili hadi shingoni, tukaja Awendo kumchukua mke wake na godoro la kumlaza mgonjwa.

Tukiwa karibu kuingia mjini, kijana wa bodaboda alitufikia ubavuni akipunga mkono kwa hasira. "Wazee, mnamwaga mafuta! Pikipiki zitaanguka huko nyuma!" Tukasimama. Kweli, mstari mweusi ulitufuata barabarani, na kifuniko cha tangi kuu kilikuwa kinatoa mafuta kama jicho lenye trakoma. Mshale nao ulituonyesha kwamba tangi la akiba, lililojazwa asubuhi hiyo hiyo, limeshuka chini ya nusu. Tulikuwa hatujaenda hata kilomita 70!

Hebu nikueleze kwanza matangi mawili ni ya nini, maana wengi huyaona kama mbwembwe za watalii. Gari la magurudumu manne hufanywa kwenda mahali ambako hakuna kituo cha mafuta. Toyota Land Cruiser ya namba 78, ile ndefu yenye milango ya nyuma ambayo umeiona ikibeba wauguzi na watu wa mashirika, hutoka kiwandani ikiwa na matangi mawili ya lita 90 kila moja. Kwa barabara nzuri lita hizo 180 zitakupeleka zaidi ya kilomita 1,000. Land Rover za zamani nazo ziliweza kufungwa tangi la pili chini ya kiti, na dereva alibadilisha kwa kuzungusha koki kwa mkono. Tangi la pili pia ni mzigo. Lita 90 za dizeli zina uzani wa kilo 75 hivi, sawa na abiria mmoja asiyelipa nauli.

Fundi tuliyempata nyuma ya steji ya Awendo, chini ya mti, hakuhitaji hata kufungua boneti. Alilala chali chini ya gari, akachungulia paipu, akatoka akicheka. "Omera," alimwambia shemeji, "gari lako linanyonya titi moja na kutapikia jingine."

Akachukua kijiti, akatuchorea udongoni. Injini ya petroli ya zamani, yenye kabureta, huvuta kiasi cha mafuta inachohitaji na mambo yamekwisha. Koki moja inatosha: leo tangi hili, kesho lile. Lakini injini ya dizeli haina adabu hiyo. Pampu yake huvuta mafuta mengi kuliko yatakayochomwa. Yanayozidi hupita yakiilainisha na kuipoza pampu, kisha hurudi tangini kwa paipu ya pili. Kwa hiyo ukibadilisha tangi, sharti ubadilishe njia mbili kwa pamoja, ya kwenda na ya kurudi. Valvu inayofaa ina midomo sita: miwili ya kuvuta kutoka kila tangi, miwili ya kurudisha kwa kila tangi, na miwili ya kwenda na kutoka kwenye injini. Ukibonyeza swichi kwenye dashibodi, umeme huigeuza valvu yote mara moja, na mshale wa mafuta nao huanza kusoma tangi jipya. (Yako magari ya kisasa yasiyofanya hivyo. Hayo yana pampu ya kuhamisha mafuta kutoka tangi la akiba hadi tangi kuu, na injini hunywa tangi kuu peke yake.)

Tangi la pili la shemeji halikutoka kiwandani. Lilifungwa na karakana moja jijini, na huyo aliyelifunga aliweka valvu ya midomo mitatu, kana kwamba gari ni la petroli. Injini ilivuta kutoka tangi la akiba, ikachoma kidogo, na kilichobaki ikakirudisha tangi kuu ambalo tayari lilikuwa limejaa. Lifanyeje ila kumwaga? Miezi minane shemeji alikuwa amelalamika kwamba gari lake lina kiu. Alikuwa amebadilisha filta, akabadilisha hata nozeli! Mimi nilimwonea huruma, lakini nakiri pia kwamba nilicheka.

Valvu ya midomo sita haikuwepo Awendo siku hiyo, na nyanya alikuwa anangoja. Fundi akatupa ujanja ambao naomba uuweke akilini ikiwa una gari la namna hii. Anza na tangi ambalo paipu ya kurudisha inaingia humo. Litumie hadi lishuke nusu. Hapo ndipo uhamie la akiba, na uwe unarudi kulitazama lile la kwanza, kwa sababu litakuwa linajaa tena lenyewe. Kisha alilegeza skrubu iliyo chini ya filta na kutoa maji kiasi cha kikombe cha kahawa. Tangi likikaa wiki nyingi bila kujazwa, hewa iliyo ndani hugeuka umande usiku, na matone hayo huteremka chini ya dizeli kwa sababu maji ni mazito zaidi. Tangi la akiba la shemeji lilikuwa halijajazwa tangu Krismasi.

Tuliondoka Awendo saa tisa alasiri. Rongo, kisha Rodi Kopany, kisha tukaiacha lami. Ukiteremka Lambwe siku ya jua utaifurahia: upande mmoja ukuta wa Kanyamwa, upande wa pili vilima vya Gwassi, na katikati Hifadhi ya Ruma, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1983 na ambayo ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Siku ya mvua utaona udongo mweusi tu, ule unaoshika tairi kama ugali usioiva.

Tulimpata nyanya magharibi. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mguu umepinda kwa namna ambayo sikuweza kuitazama mara mbili. Hakulia. Alimwuliza shemeji kama amekula. Tukamwinua pamoja na godoro tukamweka nyuma, mke wa shemeji akakaa akimshika kichwa.

Tangi kuu lilikuwa limeshuka, basi shemeji akahamia la akiba kama alivyoelekezwa. Tulikuwa katikati ya tope, gia nzito, giza limeingia, injini ilipoanza kukohoa. Mara moja, mara mbili, kisha ikazima. Nadhani mtikisiko wa njia ulikuwa umekoroga maji na uchafu wa chini ya tangi lile, na filta ikasakamwa. Kukawa kimya, mvua tu juu ya bati. Nyanya akauliza kwa sauti ndogo, "Tumefika?"

Hapo, msomaji, ndipo nilipojua thamani ya tangi la pili. Kama mafuta yote yangekuwa tangi moja, uchafu ungekuwa humo humo na tungelala bondeni. Shemeji alirudisha swichi kwenye tangi kuu. Mimi nilishuka na tochi, nikalegeza ile skrubu hadi maji yakaisha, nikaikaza, kisha nikabonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, hadi ikawa ngumu chini ya kiganja, dalili kwamba dizeli imefika na hewa imetoka. Mara ya tatu injini ilishika.

Maji si adui pekee wa dizeli. Huku kwetu kwa miaka mingi kulikuwa na wafanyabiashara waliochanganya dizeli na mafuta taa kwa kuwa mafuta taa yalikuwa rahisi, hata serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018 ili kuua biashara hiyo. Dereva mwenye matangi mawili akitilia shaka kituo fulani, hujaza tangi moja peke yake, akaacha lile jingine na mafuta anayoyaamini.

Tuliingia Homa Bay saa nne usiku, nyanya akapokelewa hospitalini. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Wiki mbili baadaye tulirudi Awendo. Fundi alikuwa ameipata valvu ya midomo sita, imetolewa katika gari lililopata ajali, na aliifunga kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Kisha akaomba rangi ya kucha ya mke wa shemeji, akapaka doa jekundu upande mmoja wa swichi. "Nyekundu ni la akiba," akasema. "Na kila mwezi ulitumie, lisilale."