Ukungu wa Msasa

Jumanne, 16 Julai 2024

Malipo ya awali ya kibao cha Geita yameingia leo. Mama mwenye kazi ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na ofisi yake imo ndani ya soko la dhahabu, lile lililofunguliwa Machi 2019. Chumba kimegawanywa kwa ukuta wa jipsamu: huku wanasubiri watu, kule iko mizani. Katikati ya ukuta kuna uwazi, na hapo ndipo kibao kitakapokaa, sentimita 90 kwa 45, jina la ofisi kwa herufi za rangi ya dhahabu. “Kiwe kama kioo cha bafuni, fundi. Mwanga upite, mtu asionekane.” Mchimbaji akimwaga alichonacho kwenye mizani, wanaosubiri wasijue ana gramu ngapi. Barabara ya kurudi nyumbani ni ndefu, na yeye anawafikiria wateja wake. Nimeipenda kazi hii kwa sababu hiyo.

Kioo halisi cha milimita 5 kwa ukubwa huo kina uzito wa kilo 5 hivi, na jipsamu ile siiamini. Akriliki haifiki kilo 2 na nusu.

Stika ya ukungu ingekuwa rahisi, na kwenye madirisha makubwa ya ofisi naibandika bila wasiwasi. Ila kwa vumbi hili la Shinyanga la mwezi wa saba, kila chembe inayonasa chini ya stika inaota kipele. Na kibao kitakachoguswa kila siku, stika yake huanza kubanduka pembeni. Nataka ukungu uwe wa akriliki yenyewe.

Jumamosi, 20 Julai

Nimerudi usiku kutoka Mwanza. Nusu shiti ya akriliki nilikwenda nayo kwenye leza, nusu nimeiacha karakana. Leza ilikata vizuri mno, kingo zikang’aa kama zimelambwa. Nilitaka mashine hiyohiyo itie na ukungu, basi tukaijaribu kwenye kipande kidogo. Tulitegemea weupe kama wa unga. Ikatoka michoro inayopitisha macho kama maji.

Kijana wa mashine alinieleza kwa upole. Akriliki ziko za aina mbili. Ipo inayomiminwa ikiwa majimaji katikati ya vioo viwili ikagandia humo. Hiyo leza ikiichonga inageuka nyeupe. Ipo inayosukumwa na mashine kama tambi pana. Hiyo inayeyuka tu na kubaki angavu. Yangu ni ya pili. Dukani zote zimevaa karatasi ileile ya kinga, bei zinakaribiana, na mimi sikuuliza. Kuanzia sasa nitauliza, na nitachukua kipande cha majaribio kabla sijalipa.

Jumatatu, 22 Julai

Basi ni mkono. Nimebandua kinga upande mmoja tu, utakaotazama mizani. Upande wa foleni ubaki laini, maana mafuta ya vidole yakiingia kwenye ukungu yanaacha doa linalopitisha macho. Msasa wa maji namba 220, kisha 320, nikamalizia 400, ndoo ina tone la sabuni. Nasugua kwa duara ndogondogo zinazopandana. Ukisugua kwa mistari, mistari itaonekana taa ikiwaka.

Mchana kutwa niliona kazi inakwenda sawa. Kumbe maji yalikuwa yananificha. Yanaingia kwenye mikwaruzo yakaijaza, mwanga ukapita bila kutawanyika, na palipopata msasa pakafanana na pasipopata. Saa kumi jioni nikakisimamisha juani. Kikaanza kukauka kutokea juu. Ukungu ukateremka taratibu kama pazia, na ndani yake yakabaki madirisha matatu, kubwa zaidi likiwa na ukubwa wa kiganja, kona ya kulia, pale nilipokuwa nimeegemeza mkono wa kushoto. Binti yangu alikuwa upande wa pili anafagia.

“Baba, nakuona,” akasema.

Nikarudi kwenye ndoo.

Jumatano, 24 Julai

Kibao kimeharibika. Ukungu ulikuwa umekamilika, hakuna dirisha hata moja. Kabla ya kubandika herufi nilifuta upande laini kwa spiriti, kama ninavyofuta vioo miaka yote. Baada ya dakika chache nikaona kwenye ukingo kitu kama unywele. Nikadhani ni unywele, nikaupuliza. Ikawa miwili, ikawa safu nzima, nyufa nyembamba zikitoka ukingoni kuingia ndani.

Leza inakata kwa kuyeyusha. Ukingo ukipoa unabaki na mvutano ndani yake, na spiriti inaufungulia njia. Wenye tanuri huipasha akriliki joto la nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa na kuipoza polepole, mvutano ukatulia. Mimi sina tanuri. Nina maji na sabuni, na hayo ndiyo niliyopaswa kutumia.

Nimempigia mama nikamwambia ukweli, na kwamba gharama ni yangu. Akajibu, “Pole fundi, nakusubiri.” Nalala mapema.

Jumapili, 28 Julai

Kipande kipya nimekikata kwa msumeno wa meno madogo, kingo nimezipiga tupa, kisha msasa. Safari hii sikusubiri jua linionyeshe makosa. Kila baada ya mzunguko nilikikausha kabisa, nikafunga mlango wa karakana na kulaza tochi mezani, mwanga ukatambaa juu ya uso kutoka ubavuni.

Hilo la tochi ni la marehemu mjomba, aliyechambua mawe Mwadui, kwenye mgodi wa almasi alioufungua John Williamson baada ya ugunduzi wake wa 1940. Almasi ghafi nyingi zina ngozi iliyofifia, haziwaki kama za kwenye pete. Alikuwa akituambia watoto, “Jiwe usilitazame na taa usoni. Taa iweke ubavuni, ngozi itasema.” Leo imesema. Nimeona bonde refu lisilozidi upana wa kidole, ambalo kwa mwanga wa mlangoni nisingeliona kabisa. Mizunguko sita, mikono inawaka. Hakuna dirisha.

Jumamosi, 3 Agosti

Geita. Kibao nilikipakata tangu Shinyanga, kimezungushiwa blanketi. Kigongo tulipanda kivuko, na pembeni yetu nguzo za daraja jipya zimesimama majini. Likiisha, kilomita 3 hizi hatutazingoja tena.

Matundu niliyatoboa mapana kuliko bolti kwa milimita 2, kwa sababu akriliki inatanuka na joto, karibu milimita moja kwa urefu huu kati ya asubuhi na mchana mkali. Ukiibana, itapasuka yenyewe. Herufi ziko upande wa foleni, ukungu upande wa mizani, na taa ya ndani ilipowashwa kila herufi ikapata kivuli chembamba nyuma yake.

Nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri. Mama akaweka pete yake kwenye mizani, na pale nilipokuwa nimekaa nikasoma namba: nyekundu, zimefifia, lakini zinasomeka. Moyo ukanienda mbio. Ukungu ulikuwa sawa. Tatizo lilikuwa meza. Kitu kikigusana na ukungu kinaonekana, kikirudi nyuma kinayeyuka. Mizani ilikuwa karibu kugusa kibao.

“Mama, naomba tuisogeze meza nyuma kidogo.”

Tulishika huku na huku, tukaisogeza nusu mita. Akaiweka pete tena. Kutoka kwenye benchi niliona wingu jekundu, na kivuli cha mkono.