Urithi wa Nyumba ya Doña Sisang

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulioitumikia serikali kwa miaka mingi tumeikariri methali hii mara nyingi mbele ya vijana wa ofisini. Hata hivyo, uzito wake ulituelea sawasawa tulipoisoma historia ya kampuni moja ya filamu ya nchi ya Ufilipino, iliyokuwa mikononi mwa ukoo.

Kampuni hiyo ni LVN, iliyoanzishwa mwaka 1938. Herufi za jina lake zatokana na koo tatu zilizoshirikiana kuiunda, yaani de Leon, Villonco na Navoa. Aliyeshika usukani ni mama mmoja, Narcisa Buencamino de Leon, aliyeitwa kwa heshima Doña Sisang. Alizaliwa mwaka 1877 katika mkoa wa Bulacan, na alipoingia katika kazi ya sinema alikuwa amefikia umri ambao wengi hutafuta kivuli cha kupumzikia. Filamu ya kwanza ya LVN, *Giliw Ko*, ilitoka mwaka 1939. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Rais Manuel Quezon kutangaza kuwa Kitagalogi ndicho kitakachokuwa msingi wa lugha ya taifa.

Sisi wapenda ushairi tunavutiwa zaidi na filamu yao ya mwaka 1941, *Ibong Adarna*. Chimbuko lake ni hadithi ya kale ya kishairi, ya namna ya tenzi zetu. Yasimulia habari za ndege ambaye wimbo wake humponya mfalme mgonjwa, lakini anayesinzia akiusikiliza hugeuka jiwe. Ukoo wa Doña Sisang uliona kwamba masimulizi ya wazee yaweza kuhamia katika chombo kipya bila kuacha asili yake.

Vita vilisimamisha kazi, lakini mwaka 1946 LVN ilikuwa imerudi tena na filamu mpya. Mwaka 1956 ilitoa *Anak Dalita*, iliyoongozwa na Lamberto Avellana. Filamu hiyo yaonyesha maisha ya maskini waliojihifadhi katika magofu ya mji wa kale wa Manila, ulioteketea mwaka 1945. Mwaka 1961 kampuni iliacha kutengeneza filamu zake, ikabaki na maabara ya kusafishia filamu za wengine. Doña Sisang aliaga dunia mwaka 1966.

Je, kazi hizo zote ziko wapi? Mikanda ya sinema ya zamani ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi, tena huoza kwa joto na unyevu. Filamu za Ufilipino za kabla ya vita zilizosalia zahesabika kwa vidole. *Giliw Ko* imesalia, na matengenezo yake yalifanyika kwa msaada wa hifadhi ya filamu ya Australia.

Hapa ndipo tulipojiona wenyewe. Tulipokuwa bado na cheo kidogo, tulimrekodi kungwi mmoja mzee kwa muda wa siku mbili, akiimba nyimbo za arusi ambazo hatujazisikia popote tena. Miaka michache baadaye kanda mpya ziliadimika. Ikaletwa hati ya kuruhusu kanda za zamani zifutwe, zipate kurekodia mikutano. Tukaitia sahihi bila kuisoma orodha. Siku moja mjukuu wa yule mama alikuja ofisini, akaomba asikie sauti ya marehemu bibi yake. Tulimpa kiti na chai. Cha kumsikilizisha hatukuwa nacho.

Mjukuu wa Doña Sisang, Mike de Leon, naye alikuwa mtengenezaji wa filamu. Alitayarisha na kupiga picha filamu maarufu ya Lino Brocka ya mwaka 1975 kuhusu maisha ya jiji la Manila. Mikanda ya asili ya filamu hiyo iliwekwa amana katika hifadhi ya London, na kutokana nayo filamu ikatengenezwa upya mwaka 2013. Mike de Leon alifariki mwaka 2025, na kazi hiyo ipo.

Twafurahi kuwa imesalia, ingawa inatuuma kwamba amana hiyo ilibidi ikalale ugenini. Kutunga na kuimba ni nusu ya utamaduni. Nusu ya pili ni chumba kikavu, orodha iliyo sahihi, na mtu anayeisoma kabla ya kutia sahihi.

Basi, walimu na wanafunzi, mkikusanya nyimbo na hadithi za wazee wenu, andikeni jina la mwimbaji, mahali na tarehe. Toeni nakala mbili, mziweke mahali pawili. Sisi tungalifanya hivyo, yule binti asingaliondoka mikono mitupu.