Mnazi Usio na Hakimu

Mwaka 1969 mahakama ya Kenya ilimfunga Abdilatif Abdalla kwa kosa la uchochezi. Ushahidi ulikuwa waraka wake, Kenya: Twendapi?, ulioandikwa kwa nathari ya wazi isiyohitaji kufasiriwa. Gerezani alitunga tena, safari hii kwa mashairi ya arudhi, kwa siri, juu ya karatasi za chooni.

Ni rahisi kuieleza hatua hiyo kuwa ya kujificha: kwamba fumbo ni kichaka cha anayeiogopa sheria. Maelezo hayo hayatoshi. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute" ndugu wawili wanazozania mti mmoja, na kila mmoja ana beti zake za kujitetea. Hata yule ambaye msomaji angependa ashindwe husikilizwa. Hakimu hayupo. Mshairi, naye ni mfungwa, angeweza kumpandisha hasimu wake kizimbani na kumkatia shauri. Badala yake alimpa ulimi. Shairi basi linatimiza kile ambacho sheria huahidi, yaani pande zote mbili kusikilizwa, huku likikinyima kila upande kile ambacho dola hukithamini zaidi mahakamani: neno la mwisho.

Diwani hiyo, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimshtaki mtunzi. Kosa la uchochezi liliondolewa katika Kanuni ya Adhabu mwaka 1997.