Mlima Oldeani ulikuwa unavuta treni!

Ukiishi Karatu na ukawa na kamera, kila mtu anajua unachopiga: simba, faru na wazungu waliosimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mimi mwenzenu napiga harusi, kipaimara na picha za pasipoti, riziki inapatikana. Lakini ugonjwa wangu ni mwingine, mpenzi msomaji. Nafukuza magarimoshi ya zamani, yale ya mvuke.

Najua unacheka. Karatu na treni wapi na wapi? Reli ilifika Arusha mwaka 1929 ikaishia hapo hapo, huku kwetu haikupanda. Hata mimi nisingejua kitu kama si baba yangu mkubwa, ambaye ujanani alikuwa fayamani wa Reli ya Afrika Mashariki, njia ya Mombasa na Nairobi. Mzee huyu akielekezwa mlima Oldeani ulipo, pale juu ya mashamba ya kahawa, husema: "Yule nimemlisha mimi kwa mikono yangu." Wajukuu wanadhani uzee umemzidi.

Kumbe mzee yuko sawa kabisa! Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kilitengeneza injini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5912 iliitwa Mount Oldeani, 5918 ikaitwa Mount Gelai na 5919 Mount Lengai. Yaani majirani zetu hawa walikuwa wanavuta mizigo kutoka bandarini! Kila moja ilikuwa na tani 250 na ushee, na haikuwahi kujengwa injini ya mvuke kubwa kuliko hizo kwa reli ya upana wa mita moja. Tena hazikula kuni wala makaa, zilichoma mafuta mazito. Kazi ya kuzilisha ndiyo ilikuwa ya mzee.

Baadaye dizeli ikashika hatamu, na kufikia 1980 zote zilikuwa zimestaafishwa. Kati ya 34 zimebaki mbili tu, Gelai na Shengena, zote ziko Makumbusho ya Reli, Nairobi. Oldeani ilikwenda na chuma chakavu. Mzee hana picha hata moja ya enzi zile, na sasa macho yana presha. Daktari kasema yanayopotea hayarudi. Nikapanda basi kupitia Namanga.

Injini si bibi harusi, bwana. Gelai ina urefu wa karibu mita 32, bila ya kugeuka wala kutabasamu. Ukirudi nyuma uipate yote, inakuwa kama kiberiti. Rangi yake ni damu ya mzee, na jua la saa sita linang'arisha juu huku magurudumu yakizama gizani. Nikasubiri jioni, mwanga uingie chini kwenye vyuma. Wenzangu walikuwa wamejazana kwenye behewa ambalo simba alimtolea ofisa wa polisi, Charles Ryall, pale Kima mwaka 1900. Unaona? Hata Nairobi simba anatuzidi soko!

Mzee alikuwa ameniagiza kitu kimoja: "Nipigie pale nilipokuwa nakaa." Nikapanda, nikapiga vali, mabomba na mikono ya chuma, moja moja. Nikazisafisha kubwa kama kalenda.

Alizisogeza karibu na pua, akapita na kidole bomba kwa bomba. Hili la maji, hili la mafuta, hili ukilisahau dereva anakutukana mpaka Voi. Wajukuu kimya. Kisha akauliza, "Na Oldeani?"

Nikamwambia haipo, baba.

Akanyamaza kidogo. "Basi geuza, uandike." Akanitajia madereva aliofanya nao kazi, mmoja mmoja, na kila mmoja alikotoka. Nyuma ya picha ya Gelai pakajaa.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee wa reli, mtafutie picha angali anaona. Na kalamu usiiache.