Kutoka Satellite hadi Biashara Street kutafuta vazi la ngoma

WAHENGA walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, msomaji, mtoto wako akirudi nyumbani Ijumaa jioni na barua ya mwalimu kwamba darasa lao litacheza ngoma ya Kihindi katika tamasha la shule, na kila mzazi atafute mavazi, utamjibu nini?

Swali hilo lilibisha hodi kwangu hapa Satellite, mtaa ulio kando ya barabara ya Naivasha, baina ya Kawangware na Dagoretti Corner. Mambo mawili yalinikosesha usingizi. La kwanza ni pesa, maana karo ilikuwa haijakamilika. La pili ni heshima. Sikutaka binti yangu asimame jukwaani amejifunga shuka kwa pini, huku wenye ngoma yao wakificha uso kwa aibu.

Basi Jumamosi asubuhi tuliabiri matatu, tukapita Ngong Road hadi katikati ya jiji. Fuatana nasi, huenda kesho zamu ikawa yako.

Soko la zamani

Ukishuka mjini, uliza Biashara Street, ile barabara fupi isiyo mbali na City Market na bustani ya Jeevanjee. Hapa ndipo wazazi wengi hununua sare za shule, leso na nguo za watoto wachanga. Jina lake la zamani lilikuwa Bazaar Street, na kabla ya hapo watu walisema tu Indian Bazaar.

Historia yake ni ndefu kuliko unavyodhani. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Nairobi mwaka 1899. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga. Wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha, lakini wengine walibaki, na wafanyabiashara wakawafuata. Mwaka 1902, tauni ilipozuka, wakuu wa mji waliliteketeza soko la Wahindi kwa moto. Wenye maduka walianza upya. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 nchini.

Kwa hivyo, usimwambie mtoto kwamba anakwenda kuiga ngoma ya wageni. Anajifunza ngoma ya majirani.

Ngoma gani hasa?

Hili ndilo kosa la wazazi wengi. Tunaingia dukani na kusema, "Nipe nguo za Kihindi." Mama aliyekuwa nyuma ya kaunta alitutazama kwa upole akauliza, "Ngoma gani, beti?" Beti ni binti. Tulikuwa hatujui. Binti yangu alipoonyesha kwa mikono, akizunguka na kupiga makofi, yule mama alicheka. "Hiyo ni garba," akasema.

Garba ni ngoma ya Gujarat, huko magharibi mwa India, walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Nairobi. Huchezwa katika sikukuu ya Navaratri, yaani mikesha tisa ya kumtukuza Mungu wa kike, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Wachezaji huzunguka chungu cha udongo chenye matundu na taa ndani yake, au sanamu ya Mungu huyo. Jina la ngoma linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Desemba 2023, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana, shirika la UNESCO liliiingiza garba katika orodha ya turathi za binadamu.

Vazi lake kwa wanawake ni vipande vitatu: sketi pana ya marinda iitwayo chaniya, blauzi fupi iitwayo choli, na mtandio. Wanaume huvaa shati fupi lenye marinda kuanzia kifuani, liitwalo kediyu, na suruali pana. Wakishika vijiti viwili na kugonganisha, hiyo ni dandiya.

Bhangra ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni ya Punjab, ngoma ya mavuno, na hufuata mdundo wa ngoma kubwa iitwayo dhol. Mchezaji huvaa kanzu fupi, kizibao, kitambaa kiunoni kama kikoi na kilemba chenye kishungi. Hapa wavulana waonywe mapema. Kwa Sikh, ambaye mitaani humwita Kalasinga, kilemba ni sehemu ya dini yake. Hakirushwi hewani wala hakikanyagwi.

Hesabu ya sketi

Bei ya sketi iliyotariziwa kwa mkono ilitutoa jasho. Lakini yule mama alitushauri tununue kitambaa cha pamba na utepe wa dhahabu wa pindo, tukashonewe mtaani. Ushauri wa dhahabu kweli!

Fundi wetu wa Satellite, ambaye cherehani yake iko kibandani pembeni mwa barabara, hakuwahi kushona chaniya. Hata hivyo alijua hesabu. Ukitaka sketi ya mduara kamili, alieleza, pima kiuno, kisha gawa kwa 6.28 upate umbali wa kukata kutoka katikati. Kiuno cha sentimita 60 kinatoa karibu 9 na nusu. Sketi ikiwa na urefu wa sentimita 80, pindo lake litakuwa na mzunguko wa zaidi ya mita 5 na nusu. Ndiyo maana mchezaji akizunguka sketi hufunguka kama mwavuli. Kwa kuwa kitambaa kimoja hakina upana huo, fundi hukata vipande vyembamba juu na vipana chini, akaviunga. Wanafunzi, mnaouliza hesabu za mduara zitawafaa nini, jibu ndilo hilo.

Yako mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, kamba ya kiunoni iwe imara, na mtoto avae suruali ya kubana ndani, maana sketi hiyo hupaa. Pili, ikiwa kutakuwa na taa za moto, epuka nailoni. Ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Tatu, vile vioo vidogo vinavyometameta vishonwe, visigandishwe kwa gundi. Kioo hakina tundu, hivyo uzi huzungushwa ukingoni mwake hadi ukishike. Niliwahi kuona katika tamasha moja vioo vya gundi vikidondoka jukwaani. Garba huchezwa bila viatu. Msichana mmoja alimaliza ngoma akichechemea, unyayo ukivuja damu.

Mapambo hayakutusumbua. Bangili, furungu za miguuni na hina ni vitu tunavyovijua. Hata neno lenyewe, bangili, limetoka kwa majirani hao hao.

Nani atavaa?

Shida ya pesa ilibaki. Katika darasa la binti yangu wako watoto ambao wazazi wao wasingeweza kununua hata utepe. Walianza kusema wanaumwa siku za mazoezi. Ndipo wazazi tukakubaliana: tuchange kila mtu kadiri ya uwezo wake, vitambaa vinunuliwe kwa jora, fundi ashone zote rangi moja, na baada ya tamasha mavazi yabaki shuleni ndani ya sanduku kwa wa mwaka ujao. Waliokuwa "wagonjwa" walipona siku hiyo hiyo.

Siku ya tamasha fundi wetu alifunga kibanda akaja. Wasichana walipozunguka na zile sketi zikafunguka kwa pamoja, nilimsikia akihesabu pindo kwa sauti ya chini. Hakuna hata moja lililofumuka.

Hawakupata nafasi ya kwanza. Lakini walipokuwa wakishuka jukwaani, nyanya mmoja wa Kihindi aliinuka kitini, akamrekebishia binti yangu mtandio begani, akamwambia, "Hivi ndivyo tunavyovaa sisi."

Mcheza kwao hutunzwa, naam. Na kwao, msomaji, ni hapa hapa Nairobi.