Msaada Uliopita Kando ya Vanga

Ulimwengu ulipoingia katika dhiki kubwa ya biashara mwishoni mwa mwaka 1929, habari hiyo iliwafikia watu wa Vanga kwa njia ya mizani ya dukani. Mbata zilikuwa zile zile, na uzito ule ule, lakini fedha iliyohesabiwa juu ya meza ilipungua, na baadaye ikapungua tena. Mwenye duka alisema Mombasa wameshusha bei. Mombasa wakasema ni Ulaya.

Mlimaji wa mahindi, bei ikianguka, aweza kulima kipande kidogo zaidi mwaka ujao. Mwenye minazi hana hila hiyo. Mnazi humngojesha mtu miaka sita au saba kabla ya kuzaa, kisha huzaa maisha yote ya mwenyewe, bei iwe nzuri au mbaya, na ni nani atakayekata mti wa babu yake kwa sababu ya hasara ya mwaka mmoja? Mpunga wa bonde la mto Umba uliliwa nyumbani, na samaki vilevile. Lakini kodi ya Serikali haikupokewa kwa mpunga wala kwa samaki. Ilitakiwa shilingi.

Na kodi yenyewe haikufuata bei. Katika sehemu nyingi za Kenya Mwafrika alitozwa shilingi 12 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa zamani za bei nzuri, tena mwenye wake wawili alilipia nyumba mbili. Mtu aliyekuwa akiuza mbata chache akapata kodi yake sasa alilazimika kuuza nyingi zaidi apate kodi ile ile. Aliyeshindwa aliweza kupelekwa katika kambi ya kizuizi. Mwaka 1931 kodi hiyo ya Waafrika ilileta zaidi ya pauni 500,000 katika hazina ya nchi.

Haifai kusema kwamba Serikali ilikaa kimya. Ilifanya mengi. Mwaka 1930 ilitunga sheria ya kuwakopesha wakulima fedha za kulimia, ikatoa ruzuku kwa mahindi yaliyouzwa ng'ambo, na mwaka 1931 ikafungua Benki ya Ardhi kwa mtaji wa pauni 240,000, ili mkulima aliyeelemewa na madeni asinyang'anywe shamba. Ni mpango mwema kwa yule uliyemfikia. Uliyemfikia alikuwa mlowezi wa Kizungu wa nyanda za juu. Fedha iliyowekwa hazinani na mwenye minazi, pamoja na mamia ya maelfu ya wenzake wa bara, ilikuwa sehemu ya nguvu ya Serikali iliyodhamini mikopo hiyo, lakini yeye mwenyewe hakuweza hata kuingia mlangoni kuiomba.

Ukimwuliza karani wa benki sababu, angejibu kwa adabu kwamba benki haikopeshi bila rehani, na rehani ya mkulima ni hati ya shamba lake. Jibu hilo ni kweli, na hapo ndipo uchungu wake ulipo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1921 zilimfanya Mwafrika katika hifadhi kuwa mpangaji tu katika ardhi ya Mfalme, anayekaa kwa hisani. Pwani palikuwa na sheria ya hati tangu mwaka 1908, na wako Waarabu na Waswahili walioandikiwa mashamba yao, ila sehemu kubwa ya ardhi ya Wadigo iliendelea kushikwa kwa mila ya ukoo. Basi mtu alinyimwa hati kwanza, kisha akanyimwa mkopo kwa kuwa hana hati.

Nje ya mpaka, hatua chache kutoka Vanga, Serikali ya Tanganyika ilikuwa na dawa nyingine: iliwahimiza wenyeji walime mazao zaidi, ili wingi uzibe pengo la bei. Kwa mwenye mnazi shauri hilo halikuwa na maana kubwa. Ajabu ni kwamba nafuu yake moja ililetwa na meli za Japani, zilizojaa nguo na viatu vya mpira vya bei rahisi, ambavyo mikataba ya bonde la Kongo ilizuia visitozwe ushuru wa upendeleo.

Wakubwa wa London waliliona jambo hili. Lord Moyne aliyetumwa kukagua fedha za Kenya aliandika mwaka 1932 kwamba Waafrika wametoa sana na kupata kidogo, na Sir Alan Pim akaichunguza kodi tena mwaka 1936. Kodi ya mapato, iliyowagusa wenye fedha, ilianza mwaka 1937, wakati dhiki ilikuwa karibu kwisha.

Marekani nako, sheria ya mwaka 1933 iliwalipa wenye mashamba ya pamba wapunguze kilimo, na wapangaji wengi wa Kusini, weusi kwa weupe, wakafukuzwa mashambani.

Mfereji huo wa karatasi haujafukiwa. Maradhi ya Korona yalipoingia mwaka 2020, Serikali ya Kenya ilimsamehe kodi mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi, ikashusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 30 hadi 25, na ile ya mauzo kutoka 16 hadi 14. Wazee walioandikwa katika mpango wa Inua Jamii walipata posho yao. Mvuvi wa Vanga mwenye umri wa miaka arobaini hakuwa na mshahara, wala kampuni, wala jina katika daftari lile. Hoteli za Diani zinazonunua samaki zilikuwa zimefungwa, na tangu tarehe 27 Machi mtu hakuruhusiwa kutoka nje kuanzia saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri, ambazo ndizo saa za kuvua kwa taa. Kodi ya makampuni ilirudi asilimia 30 tarehe 1 Januari 2021. Amri ya usiku iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo.