Jina la mgonjwa nalo linahitaji kufungiwa mlango

Leo siandiki juu ya mapigano wala juu ya ugawaji wa chakula. Naandika juu ya simu moja iliyopigwa hapa Bunia, na juu ya kosa ambalo huenda ni langu.

Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Djugu alikuwa amelaza mtoto wake wa miaka sita hospitalini. Mtoto alipasuliwa tumbo, akaendelea vizuri. Sitaandika jina la mama, wala la mtoto, wala la kambi, wala la hospitali. Mkifika mwisho mtaelewa sababu.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, mama alirudi kambini kuwaangalia watoto wengine na kuwapikia. Jioni simu yake ikalia. Mwanaume mwenye sauti ya upole akasema anapiga kutoka hospitali. Akataja jina lote la mtoto. Akataja chumba na namba ya kitanda. Akasema mtoto ametokwa na damu nyingi, na dawa ya kumsaidia imekwisha hospitalini, lazima inunuliwe mjini usiku huu: franka 85,000, zitumwe kwa namba hii mara moja.

Mnaoishi kambini mnajua maana ya franka 85,000. Mama alizunguka hema kwa hema. Mmoja akatoa 5,000, mwingine 2,000. Wanawake wa likelemba wakampa fungu la wiki ile, ambalo halikuwa zamu yake. Kabla ya saa mbili usiku pesa zilikuwa zimetumwa. Kisha akapanda pikipiki, kwa deni pia, akakimbilia hospitali. Akamkuta mtoto amelala, mkono chini ya shavu, hana tone la damu. Muuguzi wa zamu hakuelewa mama analilia nini.

Asubuhi alinijia nyumbani. Alinifahamu kwa sababu wiki ile nilifika katika chumba kile kutafuta habari. "Mwanangu," akasema, "yule mtu alijua kitanda. Mtu anayejua kitanda cha mtoto wako, utamkatalia namna gani?"

Nilikwenda hospitali na hasira. Nilikuwa tayari na kichwa cha habari: wauguzi wanauza majina ya wagonjwa. Mkuu wa wauguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukana, hakukubali. Akasema tu: "Ijumaa tuna mafunzo ya watumishi juu ya kompyuta na usalama wake. Njoo ukae nasi. Halafu uandike unachotaka."

Nilikwenda. Tulikuwa watu kama ishirini: wauguzi, wakunga, watu wa maabara, wa famasi, wa kasa, na hata walinzi wa mlango. Mwalimu alikuwa fundi wa kompyuta, kijana mwembamba asiyepandisha sauti. Alianza kwa kututoa ukumbini na kutupeleka mapokezi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa, kimeandikwa neno la siri.

"Nani analijua neno hili?" akauliza.

Mikono yote ikainuka. Mama wa usafi naye akainua wake, na watu wakacheka. Fundi akauliza tena: "Na aliyeacha kazi mwaka jana, naye analijua?" Hapo kicheko kikakatika. Neno halijabadilishwa tangu kompyuta ilipoletwa. Watu sita waliitumia kwa jina moja, kwa hiyo mtu akifungua fishi ya mgonjwa ambaye si wake, mashini haiwezi kusema ni nani.

Wauguzi walijitetea, na haki wanayo. Usiku mmoja una wagonjwa arobaini na muuguzi mmoja. Mama anajifungua, taa inakatika, jenereta inachelewa kuwaka. Nani atakumbuka neno refu la siri saa nane za usiku? Fundi hakuwalaumu. Aliwapa njia: kila mtumishi awe na jina lake na neno lake, na neno liwe sentensi fupi ya nyumbani kwake ambayo mwingine hawezi kuibahatisha. Anayeacha kazi, jina lake lifungwe siku ileile anaporudisha funguo.

Kisha akafika kwenye masasisho, lile tangazo linalotokea kwenye kioo likiomba kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Huku kwetu wengi hubonyeza "baadaye", kwa sababu mega ni za kununua na intaneti ni nyembamba. Mimi mwenyewe hufanya hivyo. Fundi akasema: "Kampuni inapotoa sasisho, inaziba tundu kwenye ukuta. Lakini kwa kutangaza kwamba imeziba, inamwonyesha mwizi tundu lilikuwa wapi. Tangu siku hiyo, hatari ni kwa yule ambaye hajaziba."

Akatoa mfano wa Uingereza. Mwezi Mei 2017 kirusi kinachoitwa WannaCry kilizifunga kompyuta za hospitali nyingi za nchi ile na kudai pesa ili zifunguliwe. Upasuaji ukaahirishwa, magari ya wagonjwa yakageuzwa njia. Sasisho la kuziba tundu lile Microsoft ilikuwa imelitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Halafu akatuuliza kompyuta zetu zinatumia Windows gani. Nyingi zilikuwa na Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mkuu wa wauguzi akaandika hilo kwenye daftari lake na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Mkunga mmoja mzee akasema: "Huko ni Ulaya. Sisi nani atatutafuta? Tuna nini cha kuiba?"

Jibu la fundi ndilo lililonifanya niache kuandika na kumtazama. Alisema Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wezi wa mitandao wameingia katika mashini zake. Walifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000 duniani. Hao hawakuwa matajiri. Walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamaji na majanga, watu waliopotea na ndugu wanaowatafuta, na wafungwa. Msalaba Mwekundu wenyewe ulieleza kwamba wezi walipita kwenye tundu lililokuwa bado halijazibwa. Kwa muda ilibidi kuzima mashini zilizotumika katika kazi ya kukutanisha familia.

Ukumbi ulinyamaza. Katika watu wale ishirini, sidhani kama kuna asiye na ndugu aliyewahi kuandikishwa kwenye orodha ya waliokimbia. Mnajua jinsi inavyokuwa. Unafika umechoka, unaulizwa jina, kijiji, umri, idadi ya watoto, namba ya simu. Unatoa vyote, kwa sababu bila jina hakuna turubai, hakuna sabuni, hakuna dawa. Aliyekimbia hana nyumba ya kufunga, lakini jina lake ameliweka katika nyumba za wengine. Na kwetu huku jina peke yake linaweza kumwambia mtu umetoka upande gani. Kwa hiyo tuna cha kuiba.

Mchana fundi alitufundisha juu ya picha. Alisema kabla ya kuja alikuwa ametafuta, kwa simu yake tu, picha za hospitali ile zilizotumwa wazi kwenye Facebook na katika grupu za WhatsApp. Alipata nyingi. Muuguzi amepiga picha ya orodha ya zamu, na nyuma yake daftari la wagonjwa liko wazi. Mwingine ametuma fishi nzima kumwomba daktari ushauri, katika grupu ambayo nusu ya watu si madaktari. Akazionyesha ukutani, amefunika sura na majina kwa rangi nyeusi.

Ya nne ilikuwa yangu.

Niliitambua mara moja. Ni muuguzi anayetabasamu, amesimama mbele ya ubao wa chumba cha upasuaji. Niliipiga kwa ajili ya habari ya watu kujitolea damu, nikaituma katika grupu zetu tatu. Nilikuwa nimetazama tabasamu. Sikutazama ubao. Juu ya ubao, kila mstari ulikuwa na jina la mgonjwa, kitanda, aina ya upasuaji, na namba ya simu ya mlinzi wa mgonjwa. Wauguzi waliandika namba zile kwa nia njema, kwa sababu akina mama wa kambini hawawezi kukaa hospitalini siku zote, na wakihitajika lazima wapigiwe.

Nilisimama mbele ya wote nikasema picha ile ni yangu. Siwezi kuapa kwamba mwizi aliisoma hapo. Huenda alipita kwenye daftari, au kwenye karatasi ya mapokezi, au kwa mtu aliyetembelea chumba na macho makali. Lakini siwezi pia kuapa kwamba hakuisoma. Nilifika pale kuwashitaki wauguzi, na nilikuwa nimekaa nao benchi moja.

Jioni nilifuta picha kila mahali nilipoweza. Fundi alinikumbusha kwamba iliyokwisha kuhifadhiwa katika simu za watu haifutiki. Kesho yake nilikwenda kambini nikamweleza mama yote. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: "Basi utanisaidia kulipa likelemba." Tunailipa pamoja, kidogo kidogo.

Katiba yetu, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 Congo ina sheria ya mambo ya kidijitali, namba 23/010, inayogusa pia ulinzi wa taarifa za watu. Ni vizuri. Lakini sheria haiwezi kugeuza ubao ukutani. Hospitali ile imeugeuza: sasa uko ndani ya chumba cha wauguzi, na namba za simu ziko kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Karatasi ya neno la siri imebanduliwa. Kila Ijumaa jioni nakala ya taarifa zote huwekwa kwenye diski, kisha diski huchomolewa na kufungiwa, kwa sababu nakala inayobaki imechomekwa kirusi kinaweza kuifunga pamoja na kompyuta yenyewe. Masasisho hushushwa usiku, mtandao unapokuwa na nguvu.

Kwenu wauguzi: msipige picha chumbani kabla ya kutazama kilicho nyuma. Flashi iliyookotwa au kuletwa na mgeni msiichomeke. Mtu akipiga akisema yeye ni wa wizara au wa shirika na anataka orodha ya wagonjwa, mwambieni aje na barua yake kwa mkuu.

Kwenu familia: mkipigiwa simu juu ya mgonjwa na pesa zikaombwa, kateni simu hiyo. Pigeni namba ya hospitali mliyopewa siku ya kulaza mgonjwa, au mtumeni mtu afike. Pesa za hospitali hulipwa kasa na risiti hutolewa. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hakuna daktari anayeihitaji. Na mkiulizwa jina lenu mahali popote, mna haki ya kuuliza: mnaliandika wapi, na nani atalisoma?

Kwetu sisi waandishi: tabasamu la muuguzi lingetosha. Ningesogea hatua mbili kushoto, ubao usingeingia kwenye picha.

Mtoto ametoka hospitalini, anacheza mpira wa matambara na wenzake. Mama bado anashtuka simu ikilia jioni.